Kabla ya Kununua Kadi, Jua Nani Anamngoja Nani

Ingia duka lolote la kompyuta hapa Mombasa useme unataka mashine ya gemu, na swali la kwanza litakuwa la kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha. Memori ngapi, GTX au RTX (familia mbili za kadi za Nvidia), mpya au eksi-UK. Prosesa, ubongo wa mashine, hutajwa mwishoni, harakaharaka, kama jambo lililokwisha kuamuliwa: "Hii ni Core i5, i5 iko sawa." Kijana analipa, anapanda tuktuk na kasha lake mapajani mpaka Bamburi au Kisauni, anachomeka, anawasha gemu, na gemu inakwama palepale ilipokuwa ikikwama kabla hajatoa pesa.

Nimekaa kwenye meza ya ufundi muda wa kutosha kuyajua malalamiko haya kabla mtu hajamaliza kuyasema. Nayaandika kwa sababu pesa zinazopotea hapa ni za watu wasio na pesa za kupoteza. Ni za kijana aliyefanya vibarua likizo nzima, au za mama aliyechukua zamu yake ya chama ili mwanawe apate cha kumweka nyumbani jioni badala ya kuzurura. Hao wakiuziwa kitu kisichowafaa, hawana cha kununulia tena mwaka huo.

Ninalolishikilia ni hili. Nguvu ya kadi na nguvu ya prosesa hazijumlishwi. Kila picha inayotokea kwenye skrini imepita mikononi mwa zote mbili, na ile inayochelewa ndiyo inayoamua mwendo wa gemu nzima. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta kwanza ni ipi inayoingojesha mwenzake. Jambo hilo linapimika, halihitaji kubahatisha, na kulipima ni bure.

Filamu imeshapigwa zamani, kompyuta inaifungua tu. Gemu hutengenezwa papo hapo, picha moja baada ya nyingine, na kila picha ndiyo tunayoiita fremu. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 tu za kutengenezwa. Umenunua skrini ya hezi 144, inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, na unataka kuijaza? Basi una milisekunde 6.9.

Ndani ya muda huo prosesa ndiyo inayoanza. Inasoma kidole chako kwenye padi. Inaamua mpira uko wapi, mchezaji yupi ameugusa, kipa ameruka upande gani, risasi imempata nani, gari lile la kijani litakata kona au litanyooka. Inapiga hesabu za migongano, inakunja magoti ya kila mtu anayekimbia, inapokea habari za wachezaji wengine kutoka kwenye mtandao. Ikimaliza inaandika orodha ya maagizo: chora ukuta huu, chora jezi hii, weka kivuli hapa. Hata draiva ya kadi yenyewe, ile programu inayoyageuza maagizo hayo kuwa lugha ya kadi, inakimbia juu ya prosesa. Wengi hawalijui hili. Kadi haijiamrishi. Hungoja orodha.

Orodha ikifika, kadi inachukua mamia ya maelfu ya pembetatu, inazipanga kwenye skrini, kisha inaipa kila pikseli, ile nukta ndogo ya picha, rangi yake: mwanga, kivuli, mng'ao wa maji, majani. Skrini ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kazi hiyo hufanywa upya kila fremu.

Tofauti ya maumbile yao inatoka hapo. Kuipa pikseli rangi ni kazi ambayo kwa sehemu kubwa haimngoji jirani, kwa hiyo unaweza kuigawa kwa vibarua wengi wadogo. GTX 1650, kadi ya watu wa kipato cha kawaida iliyotoka 2019, ina viini vidogo 896 vya kupiga hesabu. RTX 4090 ya 2022 ina 16,384. Lakini kuamua kama kipa ameufikia mpira kunategemea mpira uko wapi, na mpira ulipo kunategemea nani aliupiga na kwa nguvu gani. Hilo huwezi kuligawia viini elfu moja. Linataka viini vichache vyenye akili na kasi, vinavyofuata jambo moja hadi mwisho wake, na ndiyo sababu prosesa nyingi za nyumbani zina viini vichache tu, kama 4, 6 au 8.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Gemu kama Doom ya 1993 ilichorwa yote na prosesa, kila pikseli. Mwaka 1996 zikaja kadi za Voodoo za kampuni ya 3dfx zikaibebea prosesa kazi ya kujaza pikseli, na mwaka 1999 Nvidia ikatoa GeForce 256 iliyochukua pia hesabu za kuyageuza maumbo na kuyatilia mwanga. Kila hatua ilimpunguzia prosesa mzigo wa kuchora, na gemu zikajibu kwa kumwongezea mzigo wa kufikiri: miji mikubwa, watu wengi barabarani, vitu vinavyovunjika na kuanguka. Kwa hiyo anayesema siku hizi prosesa haina kazi kwenye gemu anasema nusu ya habari.

Nikiwaeleza watu huwa nawapeleka jikoni kwenye shughuli ya arusi, mahamri yanapotengenezwa. Mmoja anasukuma na kukata, mwingine yuko kwenye karai anachoma. Anayesukuma akiwa mzito, karai linakaa na mafuta yakichemka bure, na hata ukileta karai kubwa mara mbili, haitatoka hamri moja ya ziada. Anayesukuma akiwa mwepesi na karai likiwa dogo, vipande vinarundikana kwenye sinia vikingoja zamu. Prosesa inasukuma, kadi inachoma, na wote wawili wanafanya kazi kwa wakati mmoja: kadi ikiwa inachora fremu hii, prosesa tayari inaandaa ijayo.

Sasa tuweke namba. Tuseme prosesa yako inahitaji milisekunde 9 kuandaa fremu na kadi inahitaji 14 kuichora. Mwendo utafuata 14, yaani fremu kama 71 kwa sekunde. Ununue kadi yenye nguvu maradufu, ile kazi ya 14 ifanyike kwa 7. Mwenye duka atakuambia utapata 142. Hutapata. Sasa prosesa ndiyo nzito, na milisekunde zake 9 hazijabadilika, kwa hiyo utasimama kwenye 111. Ni nyongeza nzuri, siidharau, ila umelipia maradufu ukapewa nusu na kidogo. Na kama prosesa yako tangu mwanzo ilikuwa ya milisekunde 14, kadi mpya haitakupa kitu. Itakaa nusu ya muda wake ikingoja.

Mwezi huu alikuja kijana wa Kibokoni, mtoto wa watu ninaowajua, na mashine ya ofisi ya aina iliyojaa mjini kote: prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012, viini 4, kijiti kimoja cha RAM (memori kuu ya kompyuta) cha GB 8, na ndani yake GTX 1650 aliyoinunua mwaka jana.

"Shikamoo ami."

"Marahaba baba."

"Nataka kuiuza kadi hii. Kuna mtu Nyali ana RTX 3060, ananiwekea."

"Hii ina nini?"

"Inakwama. Nikiingia mjini kwenye GTA inashtukashtuka. Nikitoka nje kule jangwani, wallahi inateleza."

Maneno yake ya mwisho yalinitosha, lakini nilitaka aone kwa macho yake. Tukaiwasha, tukaweka MSI Afterburner, programu ya kupimia, ionyeshe namba pembeni ya skrini: matumizi ya kadi, matumizi ya kila kiini cha prosesa kwa zamu yake, na muda wa kila fremu. Tukaingia katikati ya mji wa GTA V, saa za msongamano. Kadi ilikuwa ikicheza kwenye asilimia hamsini na kitu, sitini. Viini vyote vinne vya prosesa vilikuwa vimejaa.

Nikamwambia ashushe rezolusheni, yaani idadi ya pikseli zinazochorwa, mpaka 1280 kwa 720. Hapo pikseli zinashuka kutoka milioni mbili hadi 921,600, chini ya nusu. Kama kadi ndiyo iliyolemewa, fremu zingepaa. Hazikusogea. Picha iliharibika, mwendo ukabaki uleule. Tukairudisha rezolusheni, tukaenda kwenye mpangilio wa wingi wa watu na magari barabarani, tukaupunguza. Papo hapo kushtuka kukapungua. Alinyamaza akatazama namba, kisha akasema, "Kwa hiyo 3060 ingekuja kukaa tu."

Ingekuja kukaa, na pengine isingewaka kabisa. RTX 3060 inakula wati 170. Tundu la mazabodi, ile bodi kuu ya mashine, linaipa kadi wati 75 tu, zinazobaki lazima zije kwa waya kutoka pawasaplai, kile kisanduku cha umeme cha mashine, na pawasaplai za mashine nyingi za ofisi hazifiki wati 300 wala hazina waya huo. Ndiyo sababu GTX 1050 Ti na GTX 1650 zimependwa sana mjini kwetu: zimepangwa kwenye wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada.

Tulichofanya ni hiki. Tuliiondoa ile i5 tukatia Core i7-3770 iliyotumika. Inakaa kwenye soketi ileile, inakula wati 77 zilezile, ina viini 4 vilevile, lakini kila kiini kinashika nyuzi mbili za kazi, jumla 8. Tukaongeza kijiti cha pili cha RAM. Tukasafisha vumbi na kubadilisha pesti ya joto juu ya prosesa. Bei yote haikukaribia bei ya kadi aliyokuwa akiitaka. Mashine haikugeuka kuwa ya 2024, na nilimwambia hivyo kabla hajatoa pesa, lakini kule mjini kwenye msongamano sasa anaendesha bila kushtuka.

Jaribio lile la rezolusheni ndilo ninalotamani kila mchezaji alijue. Rezolusheni humlemea kadi, prosesa haiigusi sana, maana mpira uko palepale uwe umechorwa kwa pikseli laki tisa au milioni nane. Ishushe. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo inayochelewa. Zikibaki, tazama prosesa. Vilevile vivuli, kulainisha kingo za picha na miale ya mwanga ni mizigo ya kadi kwa sehemu kubwa, ingawa miale ya mwanga inaisumbua prosesa pia kuliko watu wanavyodhani. Wingi wa watu, umbali wa kuona na hesabu za vitu vinavyogongana ni vya prosesa.

Na ukitazama Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha matumizi ya mashine, usidanganywe na ile asilimia moja ya jumla. Prosesa yenye nyuzi 8 ikiwa na uzi mmoja uliojaa kabisa na mingine imelala, jumla itasoma 12.5. Mtu anaona "prosesa 30%" anasema prosesa iko huru, kumbe kuna kiini kimoja kinachobeba uzi mkuu wa gemu nacho kimefika mwisho. Gemu nyingi, hasa zilizotengenezwa juu ya DirectX 11 (mfumo wa Windows ambao gemu huutumia kuipa kadi maagizo) na za kabla yake, huelekeza sehemu kubwa ya maagizo ya kuchora kwenye uzi mmoja. DirectX 12 ilipokuja 2015 na Vulkan 2016, ziliwapa watengenezaji njia ya kuigawa kazi hiyo, na wengine wameitumia vizuri, wengine bado. Njia fupi ya kusoma ni kuitazama kadi: ikiwa kwenye 97 hadi 99, inafanya kazi yake yote na hakuna anayeingojesha. Ikiwa chini ya hapo kwa mbali, na hujaweka kikomo cha fremu, basi kuna anayeichelewesha.

Hapa ndipo wale wenye mashine za Xeon, prosesa za Intel za kazi nzito na seva, huwa wanaumia. Zimeingia nyingi kutoka ng'ambo, imara, viini 8 au zaidi, bei nafuu. Kwa kazi ya kuhariri video au kuchora majengo nazipendekeza kwa moyo mmoja. Kwa gemu, Xeon E5-2670 ya mwaka 2012 ina viini 8 lakini kasi yake inaanzia gigahezi 2.6, na ikijikaza inafika 3.3. Uzi mkuu wa gemu haujali una viini vingapi vilivyokaa kando. Unajali kile kimoja kinaenda kasi gani. Wala gigahezi pekee hazitoshi kulinganisha: Core i5-12400 ya 2022 ikiwa kwenye gigahezi 4 inafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo kuliko i5 ya 2012 ikiwekwa kwenye gigahezi hizohizo. Kwa hiyo ukiambiwa "i5", uliza i5 ya mwaka gani. Jina limebaki lilelile kwa zaidi ya miaka kumi, na ndani yake mna mashine tofauti kabisa.

Kuna jambo moja kwenye prosesa linalonivutia kuliko yote, nalo ni kashe, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Mwaka 2022 AMD, mshindani wa Intel, ilitoa prosesa ya Ryzen 7 5800X3D. Viini vyake 8 ni vya aina ileile iliyomo kwenye 5800X ya kawaida, na kasi yake imeshushwa kidogo, lakini kashe yake kubwa imepandishwa kutoka MB 32 hadi 96 kwa kubandika tabaka la pili juu ya lile la kwanza. Kwenye gemu nyingi ile yenye kasi ndogo ikaishinda yenye kasi kubwa. Maana yake ni kwamba prosesa muda mwingi haikuwa ikikosa nguvu, ilikuwa ikingojea data itoke kwenye RAM. Gemu inarukaruka kutafuta habari ndogondogo za vitu elfu vilivyotawanyika, na kila inapokosa ndani ya kashe inatuma ujumbe mbali na kukaa.

Sisi wa mashine za mitumba hatununui X3D, lakini funzo lake linatuhusu. Mashine nyingi zinafika na kijiti kimoja cha RAM. Tia cha pili kinachofanana nacho, kwenye tundu sahihi, njia ya data inakuwa mara mbili. RAM ya aina ya DDR3 ya 1600 kwa vijiti viwili inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, kwa kijiti kimoja nusu yake. Kama huna kadi na unategemea grafiki ya ndani ya prosesa, hiki ndicho kitu cha kwanza kununua kabla ya kingine chochote, maana grafiki hiyo na prosesa zinachota kisima kimoja. GTX 1650 kwa upande wake ina memori yake peke yake, GB 128 kwa sekunde katika toleo la kwanza lenye memori ya aina ya GDDR5.

Na memori hiyo ya kadi ina hila yake. Ikijaa, kadi huanza kuomba sehemu kwenye RAM ya kompyuta kupitia tundu la PCIe, lile inamochomekwa kadi, ambalo kwenye kizazi cha 3 kwa njia 16 linapitisha takriban GB 16 kwa sekunde. Kutoka 128 hadi 16. Gemu inateleza, inateleza, halafu inasimama kupumua, halafu inaendelea. Watu hudhani ni prosesa. Shusha ubora wa tekscha, zile picha zinazovikwa juu ya kuta na nguo, hatua moja na utajua. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kuona RX 6500 XT ya AMD ikiwekwa kwenye mashine za zamani. Ni kadi ya 2022, bei yake inavutia, lakini ina memori GB 4 na njia 4 tu za PCIe. Kwenye mazabodi ya kizazi cha 4 inajikimu. Kwenye mashine ya Core i5 ya kizazi cha pili, yenye PCIe ya kizazi cha 2, njia hizo nne zinapitisha GB 2 kwa sekunde, na memori ikijaa hapo hakuna pa kukimbilia.

Nisieleweke kwamba nampigania prosesa kila mahali. Kuna mteja wangu mwenye prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya GTX 1050 Ti anayetaka kucheza Cyberpunk 2077. Huyo kadi yake iko 99 tangu gemu inapofunguka, na prosesa inapiga miayo. Pesa zake zote ziende kwenye kadi, na mpaka atakapopata, awashe FSR. Teknolojia hiyo ya AMD ilitoka 2021, na matoleo yake ya mwanzo yanakubali kadi za kampuni nyingine. Kwenye daraja lake la ubora inachora 1280 kwa 720 kisha inaikuza picha hadi 1080, na macho yanaridhika kuliko ungetarajia. DLSS ya Nvidia hufanya kazi ya namna hiyo lakini inadai kadi za RTX. Zote mbili zinaipunguzia kadi kazi ya kuchora. Kama prosesa ndiyo nzito, hazikusaidii. Ile mbinu mpya ya kubuni fremu za katikati nayo inapandisha namba kwenye skrini, lakini fremu hizo prosesa haijaziamua, kwa hiyo kidole chako hakijibiwi haraka zaidi. Kwa mchezaji wa Counter-Strike 2 hilo ni jambo kubwa.

Na nikiulizwa nichague kwa ajili ya vijana ninaowaona, wanaocheza mpira, Counter-Strike na Valorant kwenye skrini ya 1080, nitaanza na prosesa ya miaka ya karibuni yenye viini 6 na kadi ya wastani. Gemu za mashindano huchezwa kwa mipangilio ya chini ili fremu ziwe nyingi, na mipangilio ikishuka kadi inapata nafuu, mzigo unamrudia prosesa. Halafu usitazame wastani peke yake. Mashine mbili zinaweza zote kusoma fremu 80 kwa wastani, moja ikitoa kila fremu kwa muda unaolingana, nyingine ikitoa kumi kwa haraka kisha moja ya milisekunde 60. Ya pili itakukasirisha mchana kutwa. Milisekunde 60 hizo mara nyingi ni prosesa iliyobanwa, RAM iliyojaa, au diski ya zamani inayosomwa katikati ya mchezo. Diski ya SSD haiongezi fremu, lakini inaondoa kukwama kwa aina hiyo.

Hapa kwetu kuna la joto. Vipimo vingi unavyovitazama kwenye YouTube vimefanywa chumbani kwenye nyuzijoto 21 au 22. Sisi miezi ya kaskazi chumba kinafika 32 na feni ya dari inazungusha hewa ileile. Feni ya kadi haiwezi kuipoza kadi chini ya hewa inayoivuta, kwa hiyo zile nyuzijoto kumi zinapanda pamoja na kila kitu. Kadi za GTX za kizazi cha 10 zimepangwa kuanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzijoto 83, na prosesa nyingi za Intel zinajibana zikifika karibu na 100. Kipimo chake ni rahisi: gemu iko vizuri dakika kumi za kwanza, kisha inazorota polepole, ukizima ukapumzika inarudi vizuri. Hilo ni joto. Wala usikimbilie kununua kadi.

Tena kuna chumvi. Niliwahi kufungua kadi iliyotoka kwenye nyumba inayotazama bahari, dirisha la chumba liko wazi siku zote. Mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kutolea joto, yalikuwa na ukoko mweupe, skrubu za kibati zimeshika kutu mpaka mbili hazikufunguka kwa bisibisi, na pesti ya joto ilikuwa imekauka ikavunjika kama chaki. Mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa na kadi hiyo. Brashi laini, spiriti safi, kukausha vizuri, pesti mpya, na ikashuka kutoka kwenye joto la kujibana hadi kwenye sabini na kitu. Ukiishi karibu na maji, fungua mashine angalau kila baada ya miezi sita, uiweke mbali na dirisha la upande wa bahari, na usiifungie ndani ya kabati la TV.

Laptopu sitazisemea sana, ila jambo moja tu: jina la kadi halitoshi. RTX 3050 ya laptopu yaweza kupewa wati 35 kwenye mashine nyembamba au wati 80 kwenye nene, na ni vitu viwili tofauti vinavyouzwa kwa jina moja. Muulize muuzaji wati. Asipojua, zitafute mwenyewe kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa chini.

Na kuna kukwama ambako hakuna kadi wala prosesa itakayokutibu. Umejificha nyuma ya ukuta, kisha unaona umeshakufa. Mpinzani yuko hapa, ghafla yuko pale, na fremu zako bado zinasoma 140. Huo ni mtandao. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa hapa Mombasa mwaka 2009, lakini seva ya gemu unayocheza huenda iko Afrika Kusini, Ghuba au Ulaya, na ujumbe lazima uende urudi. Chagua seva yenye pingi ndogo, yaani muda mfupi wa ujumbe kwenda na kurudi, toka kwenye Wi-Fi ya sebuleni inayogawanywa na simu sita, na uvute waya wa mtandao kutoka kwenye ruta mpaka kwenye mashine. Mita kumi za waya huo utazipata kwa pesa kidogo sana, na fundi yeyote atakubania ncha zake ukiwa umesimama hapo hapo.